Usiku Mmoja wa Agosti: Kwa Nini Ni Vigumu Kujua Nani Amekuja Lamu na Nani Ameondoka Malindi

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaoishi kaunti moja ya Lamu. Wa kwanza alizaliwa Mpeketoni mwaka 1978, na wazazi wake walitoka mkoa wa Kati kuja kulima katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Hajapata kuishi mahali pengine, na watoto wake wamesoma papo hapo. Wa pili ni Mbajuni, wa jamii ya pwani inayoishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia, aliyezaliwa Kismayu nyumbani kwa bibi yake, akavushwa mpaka akiwa mtoto baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na leo anaishi Kizingitini, kisiwani Pate, miongoni mwa jamaa za baba yake ambao wazee wao wamezikwa kisiwani humo tangu zamani. Ukiuliza barazani, watu wanapokaa kuongea, mjini Amu (yaani mji wa Lamu) ni yupi kati ya hao wawili aliye mgeni, utajibiwa upesi kwamba ni wa kwanza, yule mtu wa bara. Karani wa sensa akiwauliza swali lake, fomu itatoa jibu la kinyume kabisa: wa kwanza hajahama maishani mwake, na wa pili ni mhamiaji wa kimataifa.

Hapo hakuna aliyekosea. Baraza limeuliza asili, karani ameuliza mahali pa kuzaliwa, ofisa wa uhamiaji angeuliza uraia, na askari kwenye kizuizi cha barabara angetaka kuona kipande, yaani kitambulisho. Hayo ni mambo manne yasiyofanana, na kila moja lina orodha yake katika ofisi yake. Anapokuja mtunga sera kutafuta idadi ya wahamiaji katika Lamu, hukuta namba nne, huchagua moja iliyo karibu na mkono, na kuitumia kana kwamba ndiyo jibu la maswali yote. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo mzizi wa udhaifu wa takwimu za uhamiaji nchini Kenya. Mara nyingi tunaambiwa kwamba data haipo, ilhali ipo kwa wingi. Kinachokosekana ni namba hizo kuzungumza lugha moja.

Lugha hiyo imekwisha kupendekezwa. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo yanayosema kwamba mhamiaji wa muda mrefu ni mtu aliyehamisha makazi yake ya kawaida kwenda nchi nyingine kwa angalau miezi 12, na wa muda mfupi ni yule anayekaa kati ya miezi mitatu na 12. Tafsiri hiyo haijali kabila, wala haijali kama mtu ana kibali au hana. Inajali vitu viwili tu, yaani makazi na muda. Ugumu wake ni kwamba katika pwani hii vitu hivyo viwili havikai mahali pamoja vikasubiri kupimwa.

Kuna mvuvi anayekwenda dago. Kwa msomaji wa bara, dago ni kambi ya wavuvi walioacha kwao wakafuata samaki ufuo wa mbali, wakajenga vibanda, wakakaa kwa wiki au miezi, kisha wakarejea. Wavuvi kutoka Pemba huja katika fuo za Kenya wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari inapotulia, na kurudi kwao kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, inapokaribia. Katika miezi hiyo hula, huugua, hutumia maji na kuuza samaki pale walipo. Kuna pia mpishi wa Malindi anayefanya kazi katika hoteli ya Shella msimu wote wa watalii, kisha hurejea kwao Aprili mvua za masika zinapoanza na hoteli nyingi kufunga au kupunguza wafanyakazi. Makazi ya kawaida ya watu hawa ni wapi? Mpishi anaweza kukaa Shella miezi minane kila mwaka kwa miaka kumi bila hata mara moja kufikia miezi 12 mfululizo.

Sasa tuweke sensa juu ya kalenda hiyo. Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, na sensa za 1999, 2009 na 2019 zote zilikuwa na usiku wa marejeo mmoja, ule wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Kanuni ni kwamba kila mtu huhesabiwa pale alipolala usiku huo. Kanuni hiyo ina faida kubwa, kwa sababu inazuia mtu kuhesabiwa mara mbili na haimlazimishi karani kubishana na mwenye nyumba kuhusu ni nani hasa mkaazi. Hata hivyo Agosti huku kwetu ni kusi. Dago za wageni huwa hazipo, na mashua nyingi ndogo zimefungwa bandarini au zinavua ndani ya miamba. Ni mwezi wa likizo ya shule, kwa hiyo wanafunzi wa bweni wako majumbani. Mwaka 2019 Idd el-Hajj ilikuwa imepita kwa muda usiozidi wiki mbili, na kila anayeijua Amu anafahamu watu wanavyosafiri wakati wa Idd. Sensa ilipiga picha halali ya usiku mmoja, nasi tumekuwa tukiitumia kwa miaka kumi kama picha ya miezi yote kumi na miwili.

Picha hiyo lakini si ya kudharauliwa, maana hakuna nyingine inayofika kila kitongoji. Inaonyesha kwamba Lamu ilikuwa na watu 101,539 mwaka 2009 na 143,920 mwaka 2019, yaani ongezeko la karibu asilimia 42, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 23, kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Kilifi, iliyo na mji wa Malindi ndani yake, ilitoka 1,109,735 ikafika 1,453,787, ambayo ni asilimia 31. Mwanatakwimu akiona tofauti kama ile ya Lamu hurudi kwenye hesabu ya msingi: idadi ya sasa ni idadi ya zamani, ujumlishe waliozaliwa, utoe waliofariki, ujumlishe waliohamia na utoe waliohama. Ikiwa vizazi na vifo vingeandikwa vyote, tungeweza kutoa na kupata uhamiaji unaobaki. Haviandikwi vyote. Mtoto akizaliwa nyumbani kisiwani, safari ya kutafuta cheti hungoja hadi siku ya kuandikishwa shule, na vifo vya vijijini mara nyingi huishia makaburini bila karatasi yoyote, kwa kuwa maiti huzikwa siku ileile. Kwa hiyo ongezeko tunaliona, ila hatuwezi kuligawa kwa uhakika kati ya tumbo la uzazi, barabara na bahari.

Mgawanyo huo una maana katika mambo ya kila siku. Ongezeko linalotokana na vizazi linaitaka kaunti iandae madarasa ya chekechea na chanjo. Linalotokana na vijana waliokuja kutafuta kazi, tangu LAPSSET, mradi wa bandari na njia za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa Machi 2012 hadi gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, linadai nyumba za kupanga na maji. Mji wa Amu hunywa maji ya visima vilivyo katika vilima vya mchanga vya Shella; visima hivyo vikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia, na kisima hakina habari kama anayekunywa ni mwenyeji au mgeni wa msimu. Na juu ya hayo yote kuna fedha. Kanuni mbili za kwanza za kugawa mapato baina ya kaunti ziliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano mrefu, iliushusha uzito huo hadi asilimia 18, lakini ikaweka pembeni yake vipimo vya afya na umaskini ambavyo navyo haviwezi kukokotolewa bila kujua watu ni wangapi na wako wapi. Kaunti inayowahudumia watu wanaoonekana Januari na kutoweka Agosti hulipwa kwa wale wa Agosti peke yao.

Uhamaji wa ndani ya nchi, ambao ndio mkubwa zaidi, ndio pia unaoandikwa kidogo zaidi. Hakuna fomu inayojazwa mtu akipanda basi Mombasa na kushuka Malindi, na haifai iwepo, kwa kuwa kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kwenda na kukaa popote nchini. Sisemi hivyo kwa wepesi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba watu kutoka kaunti mbalimbali walikuwa wamemfuata mhubiri aliyewaambia wafunge, wakahamia msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, wakafa humo kwa njaa. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Baada ya msiba kama ule ni rahisi kudai kwamba kila anayehama aandikwe na kufuatiliwa. Lakini takwimu na ulinzi ni kazi mbili tofauti. Takwimu nzuri ingeonyesha mapema kwamba kata fulani kavu, isiyo na kazi wala mvua, inapokea familia nyingi kuliko kawaida, na hilo lingetosha kumfanya mtu aulize sababu, bila daftari la majina. Kwa sasa takwimu ya namna hiyo haipatikani kati ya sensa moja na nyingine.

Upande wa kimataifa una daftari nyingi zaidi, ingawa kila moja ina shimo lake. Rekodi za viwanja vya ndege na vituo vya mpaka huhesabu miendo, wala hazihesabu watu: mfanyabiashara aliyeingia mara tatu ni waingiaji watatu. Mtaliano anayekuja Malindi kupitia Nairobi huandikwa Nairobi, na safari yake ya pili ni ya ndani, kwa hiyo rekodi za kuingia nchini haziwezi kuiambia kaunti ni Wataliano wangapi wamo. Vibali vya kazi na vya ukaazi hutaja aliyeomba, lakini anayeondoka kabla ya kibali kwisha huendelea kuwapo kwenye karatasi. Kaskazini, mpaka wa Kenya na Somalia ulitangazwa kufungwa mwaka 2011, na tangazo la kuufungua tena lililotolewa mwaka 2023 likaahirishwa. Mpaka uliofungwa hautoi takwimu. Ndoa, maradhi na biashara za jamaa walio Kiunga na walio ng'ambo ya pili havikungoja tangazo, na miendo hiyo haipo katika jedwali lolote.

Wataliano wenyewe wanatufundisha jambo. Sheria ya Italia ya mwaka 1988 inawataka raia wake wanaoishi ng'ambo zaidi ya miezi 12 wajiandikishe katika rejista maalumu inayosimamiwa kupitia balozi zao. Maana yake ni kwamba Roma inaweza kuwa na picha ya Wataliano wa Malindi ambayo Nairobi haina. Wanatakwimu huita hiyo data ya kioo: ninachoshindwa kukiona mimi, nakitazama kwenye kitabu cha mwenzangu. Njia hiyo ina thamani kubwa zaidi tukiigeuza upande wa pili, kwa vijana wetu walioko Ghuba.

Aliyeondoka ndiye mgumu kuliko wote kuhesabika, kwa sababu hayupo aulizwe. Sensa yetu hujaribu kwa kumwuliza mkuu wa kaya kama kuna mtu wa kaya hiyo aliyehamia nchi nyingine. Kaya iliyohama yote haina wa kujibu. Binti aliyekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani kwa viza ya matembezi huenda asitajwe na mama yake, kwa kuhofia kumtia matatani. Ndugu wawili waliotengana nyumba wanaweza wote kumtaja kaka yuleyule aliyeko Doha, akawa wawili. Serikali basi hukimbilia fedha: Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila mwezi kiasi kinachotumwa na Wakenya wa ng'ambo, ambacho kwa mwaka 2024 kilikaribia dola bilioni 4.95. Hiyo ni takwimu safi kwa kazi iliyokusudiwa, lakini dola si watu. Haielezi ni wangapi waliotuma, haioni fedha zilizobebwa mkononi, na wala haimwoni yule ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi sita na hivyo hana cha kutuma, ambaye ndiye anayehitaji sera kuliko wengine.

Kuna sababu nyingine ya namba kupotea, nayo ni hofu. Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya kuulizwa maswali. Wabajuni waliokimbia vijiji vyao wakati wa vita vya Shifta, uasi wa kaskazini-mashariki mwa Kenya katika miaka ya sitini, na watoto wao baada yao, wamezoea kuthibitisha Ukenya wao mbele ya kamati ili wapate kipande. Wapemba waliokaa katika fuo za Kilifi na Kwale kwa vizazi kadhaa hawakutambuliwa na serikali kuwa mojawapo ya jamii za Kenya hadi mwaka 2023. Kabla ya hapo walikuwa wakivua na kuzaa hapahapa, bila vitambulisho, bila akaunti ya benki, na bila sababu yoyote ya kumwamini mtu mwenye kalamu. Mtu wa namna hiyo akiulizwa na karani “ulizaliwa wapi”, hulipima swali kabla ya kulijibu. Akiona jibu la kweli linaweza kumfikisha kituo cha polisi, atasema Malindi, na karani ataandika Malindi. Sheria ya Takwimu ya 2006 inailinda siri ya anayehojiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza kinga, lakini kinga isiyojulikana barazani haibadilishi majibu. Ndiyo maana naona ukuta kati ya wanaohesabu na wanaokamata ni sharti la kwanza la takwimu sahihi, kabla hata ya kununua kompyuta.

Tukigeukia marekebisho, msingi wa kisera umewekwa tayari. Mkataba wa Kimataifa wa Uhamiaji Salama, wenye Utaratibu na wa Kawaida, uliopitishwa Marrakech Desemba 2018, una malengo 23, na la kwanza kabisa linahusu kukusanya na kutumia data sahihi iliyochanganuliwa. Kenya ilikwisha kuunda mwaka 2016 chombo cha kuratibu masuala ya uhamiaji ambacho huzikutanisha ofisi mbalimbali za serikali. Kukutana, hata hivyo, kunazaa matunda pale tu wizara zinapokubali kuuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale. Mahali pa kuzaliwa, uraia, makazi ya miezi 12 iliyopita, na muda ambao mtu amekaa alipo: maswali manne hayo yakiingizwa katika kila utafiti wa kaya, katika usajili wa wafanyakazi wanaokwenda ng'ambo na katika fomu za vibali, namba zitaanza kulinganishwa. Asili na kabila visiingizwe katika hesabu ya uhamiaji. Baraza litaendelea kuvijadili, na hiyo ni haki yake.

Mfano wa kazi ya subira hauko mbali. Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kimekuwa tangu mwaka 2000 kikifuatilia wakaazi wa eneo la kilomita za mraba 891, ambao ni zaidi ya robo milioni. Wahoji hupita nyumba kwa nyumba kwa mizunguko ya miezi michache na kuandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Lengo lao ni afya, lakini kwa sababu wanarudi tena na tena wanaona mwendo, jambo ambalo sensa haiwezi kuliona. Kufanya hivyo nchi nzima kungegharimu fedha zisizokuwepo. Vituo vichache vya namna hiyo, kimoja kikiwekwa mahali penye uhamaji wa msimu kama Lamu, vingetosha kutuonyesha sensa inapotoka kwenye mstari, na kwa kiasi gani.

Simu nazo zinatajwa sana siku hizi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia kumbukumbu za simu za karibu watu milioni 15 nchini Kenya, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, kuchunguza jinsi wasafiri wanavyosambaza malaria, na ulifanikiwa. Mimi ningekwenda taratibu. Laini si mtu: hapa Lamu kuna wenye laini tatu, kuna mke na mume wanaotumia simu moja, na kuna mvuvi aliyekuja na laini ya Tanzania. Simu inafaa kuonyesha majira, yaani mwezi gani watu huongezeka na wapi, mradi kampuni itoe jumla bila majina. Haifai kuonyesha ni nani na kwa nini.

Chanzo ninachokiona kimesahauliwa ni kile kilicho karibu zaidi. Kamati za usimamizi wa fuo, ambazo wavuvi huziita BMU, huweka daftari za wavuvi, na mgeni anayepiga dago hutarajiwa kujitambulisha kwao. Mzee wa mtaa anajua nyumba iliyopangishwa wiki iliyopita. Shule ina wanafunzi waliohamishwa, na zahanati ina vitabu vinavyotaja alikotoka mgonjwa. Daftari hizi ni za karatasi, hazifanani, na hakuna anayezijumlisha. Kaunti zetu mbili, Lamu na Kilifi, zingeweza kuanza bila kungoja Nairobi, kwa kuomba jumla tu, bila jina la mtu yeyote, mara moja Januari na mara moja Agosti, kutoka Mayungu hadi Kiwayu. Sensa ijayo inatazamiwa mwaka 2029, na kabla yake hufanywa jaribio. Kama kutakuwa na misimu miwili au mitatu ya hesabu hizo za fuo mezani wakati huo, watayarishaji wataweza kuamua kama fomu ya pwani iongezewe swali moja fupi: kuna nani anayelala hapa wakati wa kaskazi ambaye usiku huu hayupo?